Wauzaji wa maua ya ndani, acheni kutuuzia majani yasiyo na kifundo cha shina mkiyaita mmea

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, na nimesubiri wiki kadhaa ili nisije nikaandika matusi. Mwezi wa nne nilinunua vyungu 4 vya pothosi, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo na mabaka meupe, ambao wengi tunauita mmea wa pesa, kwa muuzaji wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Kila chungu kilikuwa shilingi 15,000. Maelekezo yalikuwa haya tu: "Mwagilia asubuhi na jioni, mama, na hata chooni uweke, huu haufi."

Wiki 5 baadaye majani yalikuwa ya manjano katika vyungu vyote. Jumamosi moja nilivimwaga juu ya gazeti na kuosha udongo. Chungu cha kwanza kilikuwa na majani 11, na 7 kati ya hayo hayakuwa na shina lolote: yalikuwa yamechomekwa kwa vikonyo vyake katika udongo mwekundu wa mfinyanzi, yakapangwa kwa ustadi kiasi kwamba ukitazama kwa juu unaona kichaka kimoja kilichoshiba. Mashina machache yaliyokuwemo yalikuwa ya kahawia, yakipondeka vidoleni kama ndizi iliyooza. Chini ya chungu hapakuwa na tundu hata moja, na maji yote niliyomwagilia kwa utiifu yalikuwa yametuama humo.

Anayeuza mimea hii kila siku hawezi kuniambia kwamba hajui kifundo ni nini. Ni ule uvimbe mdogo kwenye shina, mahali jani linapoanzia na mizizi ya hewani inapochomoza, na ndipo lilipo jicho la kutoa chipukizi. Jani lenye kikonyo pekee linaweza kutoa mizizi na kubaki kijani kwa miezi, lakini halitatambaa kamwe, kwa sababu halina mahali pa kuchipulia. Kwa hiyo hata ningemwagilia kwa kipimo sahihi, yaani kusubiri udongo wa juu ukauke kwanza, yale majani 7 yasingekuwa mmea.

Hilo la chooni nalo ni upotoshaji. Mabaka meupe ya jani hayana kijani cha kutengenezea chakula, ndiyo maana mmea wa namna hiyo unahitaji mwanga zaidi, karibu na dirisha ingawa si kwenye jua kali la mchana. Ukiuweka gizani, majani mapya hutoka madogo, pingili hurefuka, na weupe uliolipia hupungua.

Lililoniudhi kuliko yote halihusu fedha. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetia kila kitu mdomoni, na muuzaji alimwona mgongoni mwangu. Pothosi ni wa jamii moja na magimbi, na una vijisindano vilevile vya oksalati ya kalisi vinavyowasha mdomo na koo la mtu anayekula gimbi bichi. Mtoto, paka au mbwa akitafuna jani, mdomo unawaka na unaweza kuvimba. Sentensi moja tu ya tahadhari ingetosha ninunue vyungu vya kuning'iniza, lakini hakuisema.

Nilirudi kwake na yale majani katika mfuko. Alinijibu kwamba mkono wangu haukubali maua. Basi naomba ieleweke kwamba vipande 4 vyenye vifundo, ambavyo vilikuwa bado vizima, nilivikata chini ya kifundo nikavitia katika chupa ya maji ninayobadilisha kila baada ya siku chache, na leo vina mizizi myeupe yenye urefu wa kidole. Nitavipanda katika udongo uliochanganywa na mchanga na makumbi ya nazi, katika chungu nilichokitoboa mwenyewe.

Wauzaji mnaosoma uzi huu, nataka majibu ya mambo mawili: kwa nini mnapanda katika vyungu visivyo na matundu, na kwa nini mteja akitaka kuvuta shina kidogo aone mizizi, mnamzuia mkisema ataharibu mmea?