Mrejesho: Ovataimu niliyolipwa mara mbili, tumeelewana

Habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza mwezi jana kuhusu ovataimu niliyolipwa mara mbili kimakosa, shilingi 38,400, na mhasibu akasema atazikata zote mwisho wa mwezi.

Waliosema mwajiri ana haki walikuwa sahihi. Hapa Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu kukata alicholipa zaidi. Ila kifungu hichohicho kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, nami tayari nakatwa mkopo wa sacco.

Nilimwendea mhasibu na payslip mbili, ule mstari wa ovataimu nimeuzungushia kalamu nyekundu. Nikamwonyesha jambo ambalo nisingeligundua bila ninyi: sehemu ya zile 38,400 ilikuwa imekatwa PAYE (kodi ya mshahara) na makato mengine, haikunifikia. Nitarudishaje pesa ambazo sikuzishika? Alinyamaza, akavuta kikokotoo, akapiga hesabu upya mbele yangu. Zilizonifikia ni kama 26,000. Hizo ndizo nitakazorudisha, 6,500 kila mwezi kwa miezi minne, na mambo ya kodi watayarekebisha wao.

Tumeandikiana, tumetia saini, nakala ninayo.

Kuna aliyenishauri ninyamaze tu. Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini haikuwa jasho langu na nisingelala. Jana makato ya kwanza yamepita, na karo ya mtoto nimelipa vilevile. Asanteni sana, kwa dhati.