Uhandisi: Tuscaloosa, Huntsville au Purdue? Mtoto anategemea skolashipu ya alama

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Kijana wangu amekubaliwa vyuo vitatu hapa Marekani kusoma uhandisi: Alabama ya Tuscaloosa, Alabama ya Huntsville na Purdue ya Indiana. Viwili vya Alabama vimempa skolashipu kwa alama zake, Purdue hawakumpa kitu. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei. Yeye roho yake iko Purdue. Ingekuwa ninyi mngechagua kipi?

NondoZaMsingi
Dada, hujatupa pa kushika. Mnaishi jimbo gani? Uhandisi upi? Mnaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka bila mkopo? Na skolashipu hizo ni za ada yote au sehemu tu?

Waya3
Purdue. Jina lile mwajiri halihitaji kuelezwa. Halafu ada yao ya msingi haijapanda tangu mwaka wa masomo 2012-13.

NondoZaMsingi
Haijapanda, lakini anayetoka nje ya Indiana bado analipa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, kabla ya ada ya ziada ya uhandisi, chumba na chakula. Zidisha mara nne, mkuu. Na mwaka wa kwanza wahandisi wote wanawekwa kundi moja, fani wanaiomba baadaye. Uhandisi wa mitambo na wa umeme una ithibati ya ABET, chombo kinachopima programu za uhandisi, kote kutatu, na bodi za leseni zinaangalia hiyo kwanza.

MamaWawili
Samahani, nilikuwa na haraka. Tuko Minnesota. Anataka mitambo, ila ndoto yake ni vyombo vya anga. Tunaweza kutoa dola 15,000 kwa mwaka, na mdogo wake anamfuata. Tuscaloosa wamempa sehemu ya ada, Huntsville karibu ada yote.

BabaLao
Minnesota! Hilo ndilo lilitakiwa kuja la kwanza. Jimbo lenu lina makubaliano ya ada na Wisconsin na Dakota zote mbili, mtoto halipi kama mgeni. Kuna fomu ya kuomba, haiji yenyewe. Chuo cha Wisconsin kule Madison muda umepita, lakini chuo cha North Dakota State kule Fargo na chuo cha uhandisi cha South Dakota Mines piga simu kesho asubuhi.

TaaYaUsiku
Kabla hamjafika mbali, niwaeleze yaliyotukuta. Chuo sitakitaja. Binti yangu alipewa skolashipu nono, tukafurahi, barua tukaiweka kwenye fremu. Sharti lilikuwa GPA, yaani wastani wa alama, isishuke chini ya 3.0. Shuleni hakuwahi kupata B. Mwaka wa kwanza ukaja na kalkulasi ya pili, fizikia na kemia kwa pamoja, akamaliza na 2.94. Tukaambiwa ana kiangazi kimoja cha kujirekebisha. Tukampeleka chuo cha miaka miwili karibu na nyumbani kwa kuwa ni nafuu, akarudia kalkulasi na kupata A. Agosti tukapeleka matokeo. Wakajibu: krediti tumezipokea, lakini alama za chuo kingine haziingii kwenye GPA yetu. Ikabaki 2.94, skolashipu ikaondoka. Baba yake alichukua zamu za usiku miaka mitatu. Mama, hiyo barua isome neno kwa neno, na uulize kurudia somo kunafanywa wapi.

Waya3
Pole sana dada. Ndiyo maana mimi napenda vyuo vyenye co-op, yaani mihula ya kazini kati ya masomo: mtoto anafanya kazi ya fani yake na kulipwa. Chuo cha Cincinnati walianza tangu 1906.

NondoZaMsingi
Co-op ni nzuri, nami nilipita humo, ila inavuta masomo hadi miaka mitano, na skolashipu nyingi zinahesabu mihula minane. Auliziwe kama muhula wa kazini unahesabika.

BabaLao
Kwa anga, Huntsville ina uzito wake. Kituo cha Marshall cha NASA kiko pale, roketi ya Saturn V ilibuniwa pale, na kambi ya Redstone imezungukwa na makandarasi wa ulinzi. Swali: kijana ni raia? Kazi nyingi za pale zinataka uraia.

MamaWawili
Ana grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu, sote tunayo. Mimi nimeomba uraia, usaili ni Juni. Yeye ataomba wa kwake baadaye.

BabaLao
Ana miaka mingapi?

MamaWawili
17. Anatimiza 18 Septemba.

BabaLao
Basi sikiliza vizuri. Ukila kiapo kabla hajatimiza 18, na anaishi nawe chini ya malezi yako, naye anakuwa raia siku hiyohiyo kwa sheria, bila kuomba. Ukivuka siku yake ya kuzaliwa ataanza foleni yake mwenyewe. Waambie siku ya usaili, uombe kiapo cha mapema.

TaaYaUsiku
Na cheti chake cha kuzaliwa kama si cha Kiingereza, kitafsiriwe sasa.

MamaWawili
Mungu awabariki. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Barua za vyuo nazisoma usiku huu. Bado anavaa fulana ya Purdue kila Jumamosi, sijui nitamwanzaje.

Waya3
Mwonyeshe hesabu, mwache naye aseme. Mimi bado niko na Purdue.