Sukari ya kaka haishuki, na sasa ameonekana na uvimbe kwenye tezi ya pituitari: je, mambo haya yanahusiana?

Dada wa Tabata

Nawasalimu nyote kwa heshima. Kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 43, aligundulika kuwa na kisukari miaka mitatu iliyopita. Amekunywa metformini bila kukosa, akaongezewa dawa ya pili, na mwaka huu ameanzishiwa sindano za insulini. Hata hivyo sukari yake ya asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, haijawahi kushuka chini ya 11. Nyumbani tulifikia kudhani kwamba anakula kwa siri, na wifi yangu amelaumiwa waziwazi na wazee kwa kumpikia wali wa nazi, jambo ambalo amelikana kwa machozi.

Mwezi uliopita daktari mwingine alimtazama mikono kwa muda mrefu, kisha akamuuliza anavaa viatu namba ngapi. Alipooa alivaa namba 42. Sasa ananunua namba 45 Kariakoo, na pete yake ya ndoa ilibidi ikatwe na sonara. Vipimo vimeonyesha kwamba homoni ya ukuaji imezidi sana, na picha ya MRI imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Atafanyiwa upasuaji kupitia puani. Naomba kuelimishwa: uvimbe wa kichwani unapandishaje sukari, na je, baada ya upasuaji ataacha insulini?

Tabibu wa Mbagala

Pole sana, dada yangu. Nianze na wifi yako: wali wa nazi haukuleta tatizo hili, na ningependa wazee waambiwe hivyo mapema.

Tezi ya pituitari ni ndogo kama mbaazi, nayo ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji. Kwa mtu mzima homoni hiyo haiongezi tena urefu, lakini bado ina kazi, hasa mtu anapokaa muda mrefu bila chakula: huyeyusha mafuta ya mwili ili yatumike kama nishati, huifanya misuli ipokee sukari kidogo, na huliacha ini liendelee kumwaga sukari kwenye damu. Kwa maneno mengine, huvutana na insulini. Ikitoka kwa kiasi, mvutano huo hutusaidia kulala usiku kucha bila sukari kuanguka. Ikitoka mchana na usiku bila kikomo, kama inavyotokea kwenye ugonjwa wa akromegali alio nao kaka yako, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi na zaidi hadi lishindwe. Mwanasayansi wa Argentina, Bernardo Houssay, alionyesha kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hupata kisukari chepesi zaidi akiondolewa pia pituitari, na kwa kazi yake kuhusu tezi hiyo na sukari alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Kuhusu insulini, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Upasuaji ukifanikiwa mahitaji yake yanaweza kupungua ndani ya siku chache, na wengine huacha dawa kabisa, lakini kongosho lililochoka kwa miaka mingi huenda lisirudie nguvu zake zote. Ikiwa homoni itabaki juu atapewa sindano za mwezi kama okitreotidi, ambazo huizuia homoni hiyo lakini pia hupunguza insulini inayotoka kwenye kongosho, kwa hiyo sukari ifuatiliwe upya kila dawa inapobadilishwa.

Mkazi wa Kigamboni

Mimi nilifanyiwa upasuaji huo, na nathibitisha aliyosema tabibu. Niliporudi nyumbani niliendelea kujidunga uniti zile zile 30, kwa kuwa hakuna aliyenieleza kwamba nipunguze. Usiku wa pili nilitetemeka, nikalowa jasho, na mashine ikasoma 2.8, mke wangu aliniokoa kwa maji ya sukari. Dada, ulizeni kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini nani atapunguza dozi, na kwa namba gani ya sukari. Ulizeni pia kuhusu homoni ya kotisoli, kwa sababu tezi ikijeruhiwa kotisoli inaweza kupungua, na upungufu huo nao huangusha sukari.

Mama wa Temeke

Naomba kuongeza upande wa pili, kwa maana mwanangu ana upungufu wa homoni hiyo hiyo ya ukuaji. Alipokuwa na miaka miwili alikuwa akiamka mlegevu na mwenye jasho baridi, na mara mbili alipata degedege alfajiri. Majirani walisema ni mambo ya kienyeji, nasi tukamtibu malaria ambayo haikuonekana kwenye kipimo, mpaka siku alipopimwa sukari akiwa katika hali hiyo ikaonekana ni 2.1. Sasa anachomwa homoni kila jioni, na hapati tena degedege. Sindano hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo umeme unapokatika tunahangaika na barafu. Je, homoni hii anayochomwa inaweza kumletea kisukari kama cha huyo kaka?

Tabibu wa Mbagala

Mama, dozi ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake ili kujaza kilichopungua, kwa hiyo hali yake si ya kaka huyu. Sukari inaweza kupanda kidogo, ndiyo maana hupimwa kliniki, na kama ukoo una kisukari uwaeleze wa kliniki. Kusini mwa Ecuador wapo watu ambao miili yao haiitikii kabisa homoni ya ukuaji: utotoni sukari yao huanguka kwa urahisi, lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, hakuna hata mmoja kati ya 99 waliofuatiliwa aliyepata kisukari, ingawa wengi wao walikuwa wanene.

Dada wa Tabata

Nawashukuru kwa dhati. Nimeyaandika maswali ya dozi na kotisoli kwenye daftari la kliniki, na glukosi ya unga imeshanunuliwa. Majibu haya nimemsomea mama kwa sauti. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba nimpigie wifi simu ili azungumze naye mwenyewe.