Ukoo wa Chumbageni: Jumatano, 4 Machi 2020

Mjomba, 16:08: Mwana, huyu Biden si mlisema kwisha habari yake kwenye mchujo wa Democrat wa kumpata mgombea urais wa Marekani? Iowa wa nne, New Hampshire wa tano. Leo naambiwa jana kabeba majimbo 9 na Maine bado wanahesabu!

Da Mwana (Minneapolis), 16:15: Shikamoo Mjomba. Ndio natoka zamu ya usiku. Usinichokoze, nina yangu moyoni.

Mjomba: Marahaba. Yapi tena?

Hamisi: Minnesota si kwao Amy Klobuchar, Da Mwana? Imekuwaje akaichukua Biden?

Da Mwana: Hapo ndipo penye kidonda. Mimi nilipiga mapema, mwisho wa Januari, zamu zangu hazina mpango. Nikampa Amy, seneta wetu. Juzi Jumatatu namlisha bibi mmoja uji, TV inasema Amy kajitoa. Usiku namuona Dallas, jukwaa moja na Biden 🤦🏾‍♀️

Mama Mkubwa: Sasa kura yako?

Da Mwana: Imekwenda na maji, Mama. Kubadilisha mwisho ilikuwa wiki moja kabla.

Mjomba: 😂😂

Da Mwana: Cheka tu. Wenzangu kazini waliosubiri, watatu wa Amy na mmoja wa Buttigieg, mgombea mwingine aliyejitoa, jana wote Biden. Na hapa hakufanya kampeni! Aliyekuja ni Sanders, mpinzani wake, Jumatatu hiyohiyo, St. Paul.

Mjomba: Hapo ndipo mnaponishinda. Yanga ikijitoa Jumapili, mimi nikashangilie Simba?

Hamisi: Chama kimoja hiki Mjomba. Sema African Sports itoke, uende Coastal.

Mjomba: Hata hao! Heri nilale.

Da Mwana: Hawapigi kura ya mapenzi hawa. Kazini swali lilikuwa moja: nani wa kumtoa Trump? Jibu hawakuwa nalo mpaka Jumamosi, South Carolina ilipompa Biden karibu nusu ya kura. Clyburn, mbunge wa huko, alishasema ni Biden, na kule wazee weusi wanamsikiliza. Siku 3 tu, upepo umegeuka.

Hamisi: Sanders je? Si alishinda Nevada kwa kishindo?

Da Mwana: Watu wake wako palepale, ila hawaongezeki. Wagombea wakiwa sita, thuluthi ya kura unashinda. Wenzako wakijumlishana kwa mmoja, thuluthi ileile unaangukia pua. California ndiyo imemstiri.

Mama Mkubwa: Na yule tajiri wa matangazo?

Hamisi, 18:21: Mama Mkubwa una mdomo! Bloomberg kajitoa sasa hivi, kamuunga mkono Biden. Kamwaga zaidi ya dola milioni 500, kaambulia American Samoa.

Mama Mkubwa: Ndio wapi huko?

Hamisi: Visiwa, Pasifiki.

Mjomba: Sasa hao wa visiwani nao leo wanahama?

Da Mwana: 😂 Walishapiga Mjomba, kama mimi. Naomba nilale.