Tuktuk ya stima ya mizigo: rivasi ni lazima ama ni madoido tu?

Mwenye_Mkokoteni

Assalam aleikum wadau, hamjambo nyote. Nataka ushauri kabla sijatoa pesa. Niko Malindi, kazi yangu kusambaza maji na mizigo ya maduka, saa hii natumia mkokoteni na vijana wawili wa kusukuma lakini jua la hapa mwalijua, na mgongo nao umeanza kudai haki yake, kwa hivyo nimeamua kuchukua tuktuk ya stima, ile ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Nimeonyeshwa mbili. Zote 60V, betri tano za asidi za 12V, bodi ni saizi moja, mota muuzaji asema ni ileile. Tofauti ni hii moja ina swichi ya rivasi, ya kurudi nyuma, kwenye usukani na ile nyingine haina, na yenye rivasi imezidi kama elfu kumi na tano hivi. Muuzaji mwenyewe aniambia "rivasi ya nini bwana, hili si lori, shuka usukume". Njia zangu ni Shella kule ndani ndani, Barani, mara mojamoja Maweni, na asubuhi lazima sokoni. Elfu kumi na tano ni pesa, hizo ni tairi na chenji inabaki. Wenye nazo nisaidieni, rivasi mwaitumia kweli ama imekaa tu?

mzee_wa_mikate

Wa aleikum salaam. Mie yangu haina na sijaona shida. Nabeba mikate na maandazi, mzigo mwepesi, nikifika mahali pa kugeuka hakuna nashuka navuta nyuma hatua mbili tatu naendelea zangu. Halafu ukishazijua njia zako unajua wapi usiingie na chombo, unakiacha nje unapeleka mzigo kwa mkono. Weka pesa kwa betri, hiyo ndio itakusumbua si rivasi.

KaribuMokowe

Mzee wa mikate nakuheshimu lakini mikate si maji. Huyu ndugu akipakia mitungi 15 ya lita 20 hiyo ni kilo 300 za maji peke yake, hujahesabu chuma, betri wala yeye mwenyewe. Hiyo nani anaivuta nyuma? Kwenye lami labda, kwenye mchanga hata uite mtaa mzima.

Mie niko upande wa Lamu, napakia mizigo Mokowe pale inakoshukia kuvuka kisiwani, na nakwambia rivasi naitumia zaidi kwa mchanga kuliko kwa kugeuza. Gurudumu likizama ukilazimisha mbele linachimba tu, unajizika mwenyewe. Unarudi nyuma kidogo, unapata mahali pagumu, unaenda mbele polepole, ndio unatoka. Bila rivasi unashusha mzigo wote chini, unakokota, unapakia tena, na mteja ashapiga simu mara ngapi. Na pale kwenye foleni ya kupakia ukitaka kusogeza bodi karibu na mzigo huwezi kuingiza pua kwanza, bodi iko nyuma! Lazima uingie kinyumenyume. Ukisema utasukuma utasukuma kila siku ya Mungu.

Kisiwani kwenyewe ni habari nyingine, mitaa ya mji wa kale punda wawili wakikutana na mizigo mmoja anangoja, huko hata hiyo rivasi isikudanganye, usiingie.

fundi_waya

Hapa naona watu wanabishana juu ya swichi na hakuna aliyeuliza MOTA ni ya aina gani. Ndugu ngoja nikueleze taratibu maana hili ndilo linakula watu pesa.

Injini ya petroli inazunguka upande mmoja tu, ndio maana zile tuktuk za Bajaj na TVS tunazopanda kila siku zina gia ya rivasi kabisa, chuma cha kugeuza mwendo. Mota ya stima haihitaji gia hiyo. Ukiangalia utaona nyaya tatu nene zinatoka kwenye kontrola, lile boksi linaloipimia mota umeme, kwenda kwenye mota, mara nyingi ni njano, kijani na bluu. Kontrola inazipa umeme kwa zamu, moja baada ya nyingine, ndio mota inazunguka. Zamu ikigeuzwa mota inazunguka kinyume, basi, rivasi ndio hiyo. Kontrola nyingi za magurudumu matatu zinakuja na waya wa rivasi tayari, ukiuunganisha kwa swichi inarudi nyuma. Sasa kama muuzaji asema kweli mota ni ileile na kontrola ni ileile, hiyo elfu kumi na tano unalipia swichi na vipande viwili vya waya!!

LAKINI. Kuna mota zinazokaa ndani ya gurudumu zenye gia ndogo na klachi ndani yake. Hizo hata ufanye nini hazirudi nyuma, zikizunguka kinyume klachi inaachia na gurudumu limesimama palepale. Ndio sababu baiskeli nyingi za matatu za wazungu, zile za pedali zenye mota gurudumu la mbele, hazina rivasi, si uchoyo wa kiwanda. Kuijua ni rahisi, zima kila kitu, sukuma chombo mbele kwa mkono halafu kivute nyuma. Mbele kikienda chepesi na nyuma kikawa kizito, ujue kuna klachi ndani. Kikiwa kizito pande zote mbili, kama kimeshikwa, uliza vizuri, huenda kontrola imeungua. Yako kama ni ya mizigo mota itakuwa kwenye ekseli ya nyuma na difu yake, zile gia za kugawia magurudumu mawili nguvu, hiyo inarudi vizuri tu.

Mama_Nusra

Na mie niseme langu. Hawa kaka zangu wote wanaongea mchanga na waya hakuna aliyetaja watoto. Kina tuktuk wanapita kwetu, kichochoro kina ukuta huku na ukuta huku, na hiki cha stima hakina sauti hata kidogo, cha petroli angalau unasikia. Kinarudi nyuma na mtoto amekaa kizingitini anacheza. Yangu ina ule mlio wa tii tii tii ukiweka rivasi, nilipoinunua fundi mmoja aliniambia niukate eti ni kelele, nikamwambia uache. Kwa hivyo kaka ukichukua yenye rivasi hakikisha ina mlio, na ukirudi teremka kwanza uangalie nyuma, mitungi ikipangwa juu huoni kitu.

Halafu ijue, ukiwa unarudi nyuma ukipinda usukani kushoto mkia unaenda kushoto lakini pua inafagia kulia. Mlango wangu wa jikoni una alama mpaka leo, si mimi niliyeiweka 😅

Mwenye_Mkokoteni

Mashallah shukrani sana wote. Mzee wa mikate nimekuelewa ila kwa maji naona Mokowe ana haki, kuna nyumba kule Shella kichochoro kinaishia ukutani na mteja ni mzuri siwezi kumwacha. Dada Nusra umenena, huo mlio sikuwa na habari nao.

Sasa fundi, nikichukua ile ya bei ya chini halafu nikaja nikawekewa swichi yawezekana? Ama nitaharibu kitu?

fundi_waya

Yawezekana kama waya upo. Kabla hujalipa mwambie afungue kiti, kontrola huwa iko chini yake ama nyuma ya betri, ni lile boksi la bati lenye mapezi. Angalia karatasi iliyobandikwa juu na nyaya zilizofungwa bila kazi. Akikataa kufungua, chukua yenye rivasi kiwandani na umbane bei.

Zikishaunganishwa jaribu ukiwa tupu na mahali wazi, maana kontrola nyingine zinapunguza kasi ya kurudi ikawa kama mwendo wa mguu, nyingine hazipunguzi, ukivuta mafuta, yaani ule mkono wa kasi, kama ulivyozoea inakurusha nyuma kama mbele. Na usibadilishe swichi chombo kikiwa kinatembea, simama kabisa, achia mkono, ndio ubadilishe.

Swichi yenyewe nunua ya kufunika. Chumvi ya hapa pwani inakula shaba, utaweka rivasi iende mbele ama isiende kokote.

KaribuMokowe

Na siku ya kujaribu ya muuzaji usikubali ikiwa tupu peke yake. Weka mitungi yako, tafuta mteremko, rudi nyuma ukipanda kisha ushike breki ya mkono uone kama inakaa. Usiizuie kwa kuvuta mafuta, mota ikilazimishwa huku haizunguki inachemka yeye na kontrola yake.

Mwenye_Mkokoteni

Kesho baada ya alfajiri niko kwake na mitungi. Nimempigia kumwambia afungue kiti, amenyamaza kidogo halafu akaniuliza "nani amekufunza?" 😂 Ashashuka elfu sita kwa ile yenye rivasi kabla hata sijafika.