Vita gani inafaa kutengenezea gemu ya mikakati?

mchora_ramani
Wakuu habari zenu, mimi na jamaa yangu tunatengeneza gemu ya mikakati, zile unaendesha nchi nzima sio kikosi kimoja, tumekwama kwenye kuchagua vita. Yeye kakomaa na Vita Kuu ya Pili kisa kila mtu anaijua, mimi naona huko gemu ya Hearts of Iron kashajenga kabisa, chochote utakacholeta utalinganishwa naye tu. Nilikuwa nawaza Vita ya Ghuba ya 1991, silaha za kisasa, ramani ndogo. Nyie mnaangalia nini kwanza?

zamu_moja_tu
Ghuba achana nayo mkuu. Mapigano ya ardhini yaliisha kwa saa 100, mchezaji hajamaliza hata kuzoea menyu vita imekwisha, na aliyechukua Iraq atafanya nini sasa zaidi ya kupigwa? Tafuta vita ambayo mwaka wa tatu bado hakuna anayejua nani atashinda.

waziri_wa_fedha
Halafu hesabu pande. Mbili tu zikipigana unacheza drafti. Utamu unakuja pale kuna wa tatu na wa nne wamekaa pembeni wanapiga hesabu waingie lini na walipwe nini. Mimi kura yangu Vita ya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Inaanza na maofisa wa mfalme wanatupwa dirishani Prague na wanapona (tukio la kufungulia gemu bora kuliko hilo utalitoa wapi), Denmark anaingia anachapwa, 1630 anakuja mfalme Gustavus Adolphus na Waswidi wake anapindua meza, miaka miwili baadaye kafia Lützen, halafu Ufaransa ya Kikatoliki, inayoendeshwa na kadinali kabisa, 1635 inatangaza vita na kusimama na Waprotestanti kwa sababu inawaogopa Wahabsburg, ile familia inayotawala Austria na Hispania, kuliko kitu kingine. Na majeshi mengi ni ya kukodi, usipolipa wanawala raia wako mwenyewe. Jenerali Wallenstein alimjengea kaizari wa Kihabsburg jeshi kubwa mpaka kaizari akaanza kumwogopa, 1634 akauawa na maofisa wa jeshi lake mwenyewe. Hapo una mfumo mzima bure: jenerali akishinda sana unampa ardhi au unammaliza?

zamu_moja_tu
Tamu kusoma, ila ramani ya Ujerumani ya wakati ule ina vijidola mia kadhaa, watu wawili mtazeeka hamjamaliza kuchora mipaka. Chukueni Vita ya Miaka Saba, 1756 hadi 1763. Inapiganwa Ulaya, Amerika Kaskazini na India kwa mpigo, wakubwa ni watano sita tu, na Uingereza anaweza kushinda kwa kulipa wengine wapigane. Gemu ya Europa Universalis IV inaupita huo muda, ila yenyewe inatoka 1444 mpaka 1821 kwahiyo miaka saba kwao ni kapande tu, nyie mnaweza kuingia ndani.

mchora_ramani
Hii nimeipenda. Ila sasa Prussia, ile dola ya Kijerumani? Alikuwa anapigwa na Austria na Urusi, anakaribia kufa, malkia Elizabeth wa Urusi akafariki Januari 1762, akaja Peter III anayemhusudu Frederick, mfalme wa Prussia, akasaini amani na kurudisha ardhi. Nikilazimisha hilo tukio aliyecheza Urusi atanitukana, nikiliacha Prussia anakufa kila gemu.

waziri_wa_fedha
Usilazimishe. Afya ya malkia iwe namba iliyofichwa, inashuka kuanzia mwaka wowote, mwenye Urusi anaiona, wengine wanapata uvumi tu kutoka kwa mabalozi wao, na uvumi mwingine uwe wa uongo. Prussia atakuwa anauza mkoa ili kununua miezi sita, na Austria anakimbilia kummaliza mapema kabla mshirika wake hajageuka.

zamu_moja_tu
Na mwenye Urusi awe na uwezo wa kusambaza uvumi mwenyewe aisee 😂

mchora_ramani
Naandika hiyo. Jamaa bado ananuna na vifaru vyake lakini akiona hicho kipengele cha mabalozi atalainika, kesho naanza na ramani ya Silesia, mkoa ambao Prussia na Austria wanaugombania.