Naomba ushauri: waya wa kufunga breki za tela likichomoka

Ndugu zangu, habari za majukumu. Niko Dodoma na nina tela la kulala lenye breki za umeme, ambalo hulivuta kwa pikapu hadi Iringa kupitia Mtera, na tukirudi, mteremko wa Nyang'oro hunitia hofu kweli, kwani hubeba familia.

Ule waya mwembamba ambao tela likichomoka huvuta pini ya swichi ili betri ya volti 12 ifunge breki, umeanza kukatika karibu na kitanzi. Nyuzi tatu zimesimama kama miiba. Fundi alikuwa ameufunga kwenye mnyororo wa usalama, nami nikaufungua, kwa sababu unapaswa kushikwa na gari lenyewe, ili hata chuma cha kuvutia kiking'oka, pini bado ichomoke.

Je, ninunue wa kunyooka kama huu, au ule wa kujikunja kama springi, usioburuta barabarani? Urefu ndio unanitatiza zaidi: ukiwa mfupi utachomoa pini kwenye kona kali, na ukizidi minyororo, breki zitachelewa. Ninyi huacha nafasi kiasi gani, na betri huipima vipi kabla ya safari?